Hongera, Wavushaji wa Kilwa

Kilwa Masoko ina benki, stendi na ofisi za wilaya. Ng'ambo, safari fupi ya mashua, ndipo Kilwa Kisiwani, mji alioufikia Ibn Battuta mwaka 1331 na ambao UNESCO iliutangaza Urithi wa Dunia mwaka 1981. Magofu yake, Husuni Kubwa na Msikiti Mkuu, yamesifiwa vya kutosha. Mimi nawapongeza wavushaji.

Watazame asubuhi. Mama mwenye tenga la samaki anashikwa mkono kwanza. Mgeni mwenye kamera atasubiri, na ndivyo inavyopasa. Mifuko ya unga hupangwa katikati, chombo kisilale upande. Kijana anafua maji kwa kopo la rangi, nahodha ametweka tanga lenye viraka, macho yake hayatoki kwenye upepo. Upepo ukigoma, wanashika makasia. (Mashine zipo, lakini petroli nayo ina bei yake.)

Mgonjwa wa usiku, mwanafunzi, bati la nyumba mpya: vyote hupita mikononi mwao.

Nilipovuka nao, tulishuka majini, viatu mkononi.

"Shikamoo, nahodha. Ahsante."

"Marahaba, mwanangu. Kurudi uwahi, kusi jioni haina adabu."