Parishi Bila Zaka: Jinsi Misheni ya Sagalla Ilivyojengwa

Parishi ya mashambani nchini Uingereza katika enzi ya Malkia Victoria (1837–1901), yaani vijiji vichache vilivyo chini ya uangalizi wa kasisi mmoja, ilitegemea nguzo tatu: mapato ya ardhi, daftari za ubatizo, ndoa na maziko, na mazoea ya wakazi kutegemea kanisa lile lile tangu kuzaliwa hadi kufa. Mapato hayo yalitokana hasa na zaka, ambayo ni sehemu ya kumi ya mazao, na ambayo sheria ya 1836 iliigeuza kuwa malipo ya fedha yaliyofuata bei ya nafaka, hivyo kasisi alipata riziki hata pale viti vya kanisa vilipokuwa vitupu.

Shirika la CMS la Kanisa la Anglikana, lililoanzishwa London mwaka 1799, lilipomweka mmisionari J. A. Wray katika kilima cha Sagalla, kusini mwa Voi katika Kenya ya leo, mwaka 1883, nguzo hizo hazikuwapo. Gharama zililipwa kwa michango ya Waingereza, ilhali kazi ya kuombea mvua na amani ilikuwa tayari mikononi mwa wazee wa Wataita, wenyeji wa vilima hivyo. Katika ibada ya kutasa, kwa mfano, mzee alipiga funda la pombe ya miwa, akalipuliza nje huku akitamka maneno ya baraka, ili kuondoa hasira iliyoaminika kuleta maradhi na ukame. Kwa hiyo mvua zilipokosekana na njaa ya 1884–85 ikaingia, mgeni asiyeshiriki ibada hizo alishukiwa kuwa ndiye chanzo, watu wakatawanyika, na kazi ya misheni ikakatika kwa muda.

Kilichofuata kilihitaji njia nyingine, nayo ilikuwa lugha. Wray alijifunza Kisagalla, lahaja inayotofautiana sana na Kidawida cha vilima jirani, akachapisha kitabu cha sarufi yake mwaka 1894, na mafundisho ya dini yakaenda sambamba na kusoma na kuandika. Katika mvua misheni ilikuwa ikishindana na wazee waliotangulia, lakini katika kusoma haikuwa na mshindani, na thamani ya ujuzi huo iliongezeka reli ya Uganda ilipopita Voi mwishoni mwa miaka ya 1890, ikaleta kazi za mshahara na karatasi zake. Kasisi wa Uingereza alirithi parishi iliyokwisha kuwa na waumini. Ile ya Sagalla ilibidi ianze kwa kupata wasomaji.