Kilo Mia Moja na Kumi Mbele ya Ekseli

Malori yanayopanda kutoka Mombasa kwenda Malaba hupitia Nakuru, na mengi huacha hapa springi zilizovunjika au zilizolala. Kwa hiyo fundi wa springi wa Nakuru hahangaiki kutafuta chuma, chuma humfuata. Siku mbili nilikaa kwenye kigoda katika karakana ya mmoja wao, mzee mwenye mvi na mikono iliyokomaa kwa moto, nikimtazama akitibu Land Cruiser ya mkulima wa viazi kutoka Kuresoi.

Ilikuwa pikapu ya mfululizo wa 75, iliyoundwa kabla ya 1999, yenye springi za bapa nyuma na hata mbele. Masika ikiingia, njia za Kuresoi hugeuka uji, na kijana mwenye gari alikuwa amechoka kulipa trekta limtoe matopeni. Akafungiwa bampa ya chuma kizito na winchi juu yake. Tangu hapo gari likawa linainamisha pua. Ukikanyaga breki linazama, ukipita tuta ekseli inagonga mpira wa chesi, na usiku taa zinamulika hatua chache tu mbele.

“Shikamoo mzee. Niongezee bapa moja nene, nirudi shamba leo.”

“Marahaba, kijana wangu. Kwanza tuifungue hiyo bampa.”

Nusu siku ikaishia hapo, na ndipo nilipoanza kumpenda mzee huyu. Alitaka kuona gari lilivyosimama kabla ya mzigo. Aliliweka kwenye sakafu iliyo sawa, akajaza magurudumu upepo wa kipimo kimoja, akaliyumbisha mara kadhaa springi zikae, kisha akapima kutoka kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake. Akaandika kwenye daftari lenye alama za grisi. Bampa na winchi zikarudishwa, akapima upya. Pua ilikuwa imeshuka zaidi ya sentimita tatu, na upande wa kulia, anakokaa dereva kila siku, ulishuka kuliko wa kushoto.

Kisha wakalipeleka gari kwenye mizani ya ghala moja la mahindi, magurudumu ya mbele peke yake, halafu ya nyuma peke yake. Nami nikafanya hesabu yangu pembeni. Tuseme bampa ni kilo 65, winchi na kebo yake kilo 45. Jumla ni 110, lakini hazikai juu ya ekseli, zinaning’inia kama sentimita 75 mbele yake. Ekseli za gari hili zimeachana sentimita 298. Kama ubao wa pembea, mzigo huo unabonyeza mbele na kuinua nyuma: ekseli ya mbele inabeba kilo 138, na ya nyuma inapunguziwa 28. Pikapu ikiwa tupu, magurudumu ya nyuma yanakosa uzito ule ule ambao yangeutumia kushika tope.

“Nyuma unabeba nini?” mzee akauliza. Magunia ya viazi, kijana akajibu, lakini wakati wa kwenda tu, kurudi ni tupu. Mzee akatikisa kichwa. Alihitaji mbele iliyonyanyuka kiasi, na nyuma isiguswe.

Mafundi wengi hukosea hapa, na wenye magari hulipia kwa mgongo. Kimo ni jambo moja, ugumu ni jingine. Bapa zile zile ukizikunja zaidi, gari linanyanyuka, ila ulaini wa springi haubadiliki sana. Ukiongeza bapa, unaongeza ugumu, na ugumu hauongezeki kwa hesabu ya kawaida: bapa yenye unene wa milimita 8 ni ngumu zaidi ya mara mbili ya ile ya milimita 6 iliyo na upana na urefu sawa nayo. Ile bapa moja nene aliyoiomba kijana ingelinyanyua gari, kisha ingelifanya liruke kwenye mawe kama mbuzi.

Mzee akachagua bapa nyembamba kutoka rundo la springi za malori, akaipitisha kidole na kuigonga asikie kama ina ufa. Akaikata, akaiingiza kwenye makaa na kuigeuza bila kuondoa macho. Ilipofika wekundu alioutaka, akaikunja juu ya fuawe kwa mapigo mafupi na kuizamisha kwenye mafuta. Ikitoka hapo ni ngumu mno, huvunjika kama kioo, kwa hiyo akairudisha kwenye joto dogo na kuiacha ipoe polepole. Asiye na subira huruka hatua hii, na springi yake huvunjika kabla msimu haujaisha. Za zamani alizikunja kidogo zikiwa baridi, za kulia zaidi, akapaka grisi kati ya bapa na bapa.

Akashauri kebo ya chuma ibadilishwe kwa kamba ya nyuzi, maana hapo pekee kilo saba hivi zingepungua, na tena kwenye ncha kabisa ya gari, mahali zinapouma zaidi. Washiriki wa Rhino Charge, mashindano ya magari yaliyoanza 1989 kuchangia uzio wa Aberdare, wanaifahamu vizuri hesabu hii ya kilo. Mzee hajawahi kuyahudhuria. Akabadilisha pia shoki za mbele, kwani springi ngumu huzishinda shoki zilizochoka.

Jioni gari likaelekezwa ukutani. Siku ya kwanza, bampa ikiwa imefunguliwa, mzee alikuwa amechora mstari wa chaki mahali ukingo wa mwanga wa taa ulipofika. Taa zikawashwa sasa, bampa na winchi zikiwa mahali pake. Mwanga ulikaa juu ya chaki upande wa kushoto, na upande wa kulia uliipita kwa upana wa kidole.

“Kulia kutakaa sawa ukishaliendesha,” akasema. “Baada ya kilomita mia tano, urudi nikaze bolti za springi.” Akafungua daftari, akaandika kimo cha pande zote nne na tarehe.