Mwongozo wa Kusahihisha Insha na Sauti ya Mhusika: Mfano wa Mitaa ya Eastlands, Nairobi

Mwongozo wa kusahihisha insha, kama ulivyozoeleka katika mtihani wa KCSE ulioanza 1989, aghalabu huchukuliwa kuwa chombo cha utawala tu. Kwa hakika huo ni uhakiki: ndio unaoamua insha nzuri ni ipi. Kila insha hutahiniwa kwa alama 20, zinazogawanywa katika ngazi nne, kuanzia D (1 hadi 5) mpaka A (16 hadi 20), kwa kuzingatia maudhui, msamiati, mtindo, sarufi na hijai. Lengo lake ni la haki: watahini wengi wasomao maelfu ya karatasi wasitofautiane mno. Karatasi hizo hazimrudii aliyeziandika.

Tatizo huzuka mwongozo huo unapohamishiwa darasani, kwenye daftari litakalorudishwa. Chukulia mwanafunzi wa Dandora au Kayole aandikaye kisa cha safari ya matatu. Msimulizi wake anatumia Kiswahili sanifu. Makanga, anapodai "ganji" na kuonya kwamba "karau" yuko mbele, anatumia Sheng. Mwalimu aufuataye mwongozo kwa woga huyapigia mstari maneno yote mawili na kuandika 9 pambizoni. Hapo msimulizi na mhusika wamefanywa mtu mmoja, kosa ambalo mhakiki wa riwaya hasamehewi. Ajabu ni kwamba katika karatasi ya fasihi mwanafunzi huyo huyo hupata alama kwa kubainisha kuchanganya ndimi katika kitabu teule na kueleza umuhimu wake.

Haifai Sheng isamehewe kila mahali. Msimulizi akiteleza bila sababu, kosa ni kosa, na kijana aliyekulia katika lugha hiyo anastahili kuambiwa waziwazi kabla mtahini asiyemjua hajamhukumu. Lakini 9 haimwambii hivyo. Haitenganishi neno lililoponyoka na neno lililochaguliwa.

Mtaala wa umilisi, uliozinduliwa katika madarasa ya mwanzo 2019, umeweka maneno mahali pa tarakimu. Hata hivyo, "kukaribia matarajio" hakuonyeshi hatua iliyobaki. Kinachohitajika ni sentensi moja ya mwalimu: makanga aachiwe Sheng yake, ila aya ya tatu irejeshwe kwenye sauti ya msimulizi. Katika darasa lenye wanafunzi zaidi ya 50, sentensi hiyo ndiyo huachwa kwanza.