Orodha ya Shule 75 za Busia

Michael Kremer alifika magharibi mwa Kenya katikati ya miaka ya 1980 akiwa mwalimu wa sekondari, muda mfupi baada ya kuhitimu Harvard. Miaka ya 1990 alirudi akiwa mchumi. Shirika moja la misaada lilikuwa linajiandaa kusaidia shule 7 za Busia, naye akashauri wachague 14, kisha wapate hizo 7 kwa kura. Zitakazokosa ndizo zitakazoonyesha kama msaada umefaa kitu.

Wazo lenyewe halina maajabu. Ufundi uko katika kulitekeleza.

Chukua mradi wa dawa za minyoo, alioufanya na mchumi mwenzake Edward Miguel kuanzia 1998: shule 75, wanafunzi zaidi ya 30,000, wengi mno kati yao wakiwa na minyoo. Kazi ilianza na orodha. Shule ziligawanywa kwa maeneo ya utawala, zikapangwa kwa alfabeti, kisha zikahesabiwa moja, mbili, tatu, na kurudi moja tena hadi zikaisha. Mwalimu mkuu hakuwa na namna ya kusogeza shule yake mbele kwa kujuana na mtu. Yakatoka makundi matatu ya shule 25: la kwanza lilianza kupewa dawa 1998, la pili 1999, la tatu 2001. Kila shule ilikuwa na zamu yake, na muda ule wa kungojana ndio uliompa mtafiti cha kulinganisha.

Kwa nini shule nzima, si mtoto mmoja mmoja? Hapa ndipo ninapowavulia kofia. Mayai ya minyoo hutoka na kinyesi, hukaa udongoni, na mtoto anayecheza peku au kula bila kunawa huambukizwa. Ukimtibu mmoja ukamwacha mwenzake wa dawati, huyo mwenzake naye hupata nafuu, kwa kuwa uchafuzi wa kiwanja wanachochezea umepungua. Ukiwapima wote wawili baadaye, utaona tofauti ndogo na kusema dawa haina maana. Tafiti kadhaa za awali zilikwama hapo, kwa sababu zililinganisha watoto wa shule moja. Kremer na Miguel walipima hata umbali kati ya shule kwa GPS, wajue nafuu inafika wapi nje ya uzio.

Kisha mahudhurio. Rejesta ya mwalimu hawakuitegemea. Wadodosaji walifika bila taarifa, orodha ya majina mkononi, wakapita darasa kwa darasa: huyu yupo, huyu hayupo, huyu amehamia shule nyingine, ipi? Mwaka haukuisha kabla hawajarudi tena, na tena. Anayedhani uchumi ni grafu za kwenye kumbi za mikutano angefaidika kumfuata mdodosaji mmoja huko Budalangi, Busia, siku ya tope. Hao ndio walioibeba kazi, ingawa majina yao hayasomwi kwenye sherehe za tuzo.

Makala ilitoka 2004 katika jarida la Econometrica. Kukosa shule kulipungua kwa robo katika shule zilizopata dawa. Alama za mitihani hazikupanda. Waliandika yote mawili.

Kwangu mimi, mkono wa fundi unaonekana zaidi pale jibu linapokuwa sifuri. Kremer na wenzake waligawa vitabu vya kiada, na mwanafunzi wa kawaida hakusogea. Walionufaika ni wale waliokuwa wakifanya vizuri tangu mwanzo. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, ambacho kwa watoto wengi wa huko ni lugha ya tatu. Walijaribu pia chati kubwa za kufundishia katika shule 178, nusu zikipewa na nusu zikikosa. Ulinganisho wa kawaida, wa shule zilizokuwa tayari na chati na zisizo nazo, ulionyesha kwamba chati zinapandisha alama. Zilipolinganishwa zile 178 zilizogawanywa kwa kura, faida hiyo haikuonekana. Wangeweza kuishia kwenye jibu la kwanza, lililokuwa tamu zaidi.

Mwaka 2015 watafiti wengine walizipitia upya hesabu za minyoo, kwa data ambazo Miguel na Kremer wenyewe walizitoa. Makosa yalipatikana, hasa kwenye nafuu iliyodaiwa kufika shule za mbali, na mabishano yakawa makali. Sioni aibu hapo. Asiyetaka kukosolewa hatoi data zake.

Wakati huo huo ufuatiliaji ulikuwa unaendelea. Maelfu ya watoto wale walitafutwa ukubwani, wakiwemo waliohamia Nairobi, Mombasa na Uganda. Matokeo ya miaka 20, yaliyochapishwa 2021, yalionyesha kuwa waliopata dawa kwa miaka miwili au mitatu zaidi ya wenzao walikuwa na matumizi ya juu kwa asilimia 14, na kipato cha saa kwa asilimia 13. Tuzo ya Nobel, aliyoipata Kremer 2019 pamoja na wachumi Abhijit Banerjee na Esther Duflo, ilikuja kabla hesabu hiyo haijachapishwa.

Data za mradi wa minyoo ziko wazi kwa yeyote. Mwanafunzi wa uchumi wa Maseno, Makerere au Dar es Salaam azichukue, azihesabu upya mwenyewe, na akikuta kosa aliandike.