Nyangumi wa Lemi Ghariokwu

Jalada la santuri kubwa ni mraba wa inchi 12 hivi kila upande. Wasanifu wengi waliridhika kuweka hapo uso wa mwimbaji na jina lake kwa herufi nene, basi. Lemi Ghariokwu, kijana wa Lagos aliyezaliwa 1955 na kujifundisha kuchora mwenyewe, aliugeuza mraba huo kuwa baraza la mabishano.

Tazama jalada la Alagbon Close, santuri ya mwanamuziki Fela Kuti ya mwaka 1974. Lemi alikuwa hajatimiza miaka 20. Fela alikuwa ametoka kuonja rumande ya polisi katika mtaa wenye jina hilo, na wimbo unawashitaki waliomfunga. Mchoraji hakuishia kuuonyesha wimbo, aliuongezea ushahidi wake. Fela amesimama mshindi, mnyororo umekatika. Jela iko upande mmoja, nyumba yake upande mwingine. Kisha majini, boti ya doria ya polisi inapinduliwa na nyangumi. Nampenda nyangumi huyo kuliko chochote kingine pale. Serikali ina bunduki, pingu na boti, lakini mchoraji ameamua kwamba bahari iko upande wa mfungwa. Uamuzi wa namna hiyo haupatikani kwa ustadi wa mkono peke yake.

Michoro yake imejaa watu, rangi kali na vituko vya pembeni, kiasi kwamba jicho halimalizi kuisoma kabla upande wa kwanza wa santuri haujaisha. Ilihitaji nafasi. Ikibanwa kwenye kioo cha simu, nusu ya maneno yake inamezwa.

Hata jambo dogo alilipa uzito. Fela alipoachana na jina la Ransome, alilolirithi kwa babu yake mchungaji, jalada la Ikoyi Blindness la 1976 halikulificha jina hilo: lilichapwa likiwa limekatwa kwa mstari, na Anikulapo likaandikwa juu yake. Mnunuzi alishuhudia mtu akijibatiza upya.

Na ilikuwa kazi ya hatari. Santuri ya Zombie iliwadhihaki wanajeshi, na jaladani walionekana wao wenyewe na silaha zao, Fela akiwa mbele yao. Februari 1977 askari waliivamia nyumba ya Fela na kuiteketeza. Mama yake alirushwa dirishani. Mwaka huohuo Lemi na Fela walikosana kuhusu jalada jingine, wakatengana kwa miaka kadhaa.

Lemi aliporudi kwa Fela, mkono haukuwa umelegea. Kwenye Beasts of No Nation, mwaka 1989, aliwachora Margaret Thatcher, Ronald Reagan na P. W. Botha wakiwa wameota pembe. Thatcher alikuwa bado waziri mkuu wa Uingereza, na santuri zikauzwa madukani, pembe zikionekana waziwazi.