Viti 12 vilivyoyeyuka: hesabu ya Barking na Dagenham

Alhamisi ya tarehe 6 Mei 2010, wakazi wa Barking na Dagenham, mashariki mwa London, waliingia vituoni na kukabidhiwa karatasi mbili za kura: moja ya mbunge, nyingine ya madiwani. Miaka minne nyuma walikuwa wamekipa chama cha British National Party, BNP, viti 12 katika baraza lao lenye madiwani 51. Hicho ni chama ambacho hadi mwaka huo huo wa 2010 katiba yake ilipokea wanachama weupe tu. Kura zilipokwisha kuhesabiwa, BNP haikuwa na kiti hata kimoja. Chama cha Labour kilibeba vyote 51.

Inasemwa kwamba wakazi waliukataa ubaguzi. Ni kweli, na mimi ni mmoja wa wanaoufurahia ukweli huo. Lakini anayeishia hapo hajatueleza ilivyofanyika, na hapo ndipo penye funzo kwa yeyote anayeishi ugenini akadhani kura yake moja haina uzito.

Tuanze na karatasi yenyewe. Sisi wa Kenya na Tanzania tumezoea kata moja, diwani mmoja. Kule, wakati huo, baraza liligawanywa katika kata 17, na kila kata ilitoa madiwani watatu kwa mkupuo. Mpiga kura anapewa penseli na orodha moja ndefu ya majina, kisha anaruhusiwa kuweka alama ya mkasi kwa watu wasiozidi watatu. Akitaka kumpa mmoja tu, ruhusa. Akitaka kuchanganya vyama, ruhusa pia. Watatu walioongoza kwa kura ndio madiwani.

Uhesabuji wake una kazi. Karatasi ambazo mtu amewapa wote watatu wa chama kimoja hutengwa na kufungwa mafungu, hesabu yake ni rahisi. Zilizochanganywa ndizo zinazokesha na watu. Njia mojawapo ni kuzibandika kwenye bango refu, moja ikiilalia nyingine kidogo, ili safu za alama zilingane na karani aweze kufuata jina moja kwa kidole na kuhesabu mikasi yake mpaka mwisho.

Sasa chukua kata ya kufikirika yenye wapiga kura 4,000. Watu 1,800 wanawapa kura watatu wa chama A, 1,200 wanawapa wa chama B, 1,000 wanawapa wa chama C. Chama A hakikufika hata nusu, lakini wagombea wake wote watatu wana kura 1,800 kila mmoja, na hakuna wa kuwafikia. Kinachukua viti vyote vitatu. Rudia hivyo katika kata 17 na utapata baraza la rangi moja. Mfumo huu hauwagawii walioshindwa chochote; anayetangulia kwa hatua moja anaondoka na mzigo mzima.

Mwaka 2006 mfumo huo huo ulikuwa kisu kilichokata upande wa pili. BNP ilisimamisha wagombea 13 tu kwa viti 51, na 12 wakapita. Rudia kuisoma hesabu hiyo. Chama kilichopitisha karibu kila jina lililoandikwa kwenye karatasi kilikuwa na wafuasi wengi kuliko majina yake. Kwa maoni yangu, kilichozuia hali kuwa mbaya zaidi mwaka ule ni uchache wa wagombea wao, wala si uimara wa wapinzani wao. Na waliojitokeza kupiga kura hawakufika nusu ya walioandikishwa.

Hasira iliyowapeleka wapiga kura kwa BNP ilikuwa na mizizi. Mtaa wa Becontree, uliojengwa na serikali ya London kuanzia mwaka 1921, ulikuwa na maelfu ya nyumba za kupangisha wafanyakazi. Kiwanda cha Ford pale Dagenham kilifunguliwa mwaka 1931 na kikaacha kuunganisha magari mwaka 2002. Sheria ya mwaka 1980 iliwaruhusu wapangaji wa halmashauri kuzinunua nyumba zao kwa bei nafuu. Nyingi zikanunuliwa, mpya hazikujengwa za kutosha, na foleni ikarefuka. Hapo ndipo BNP iliposambaza vipeperushi ikidai kwamba kuna mpango wa siri wa kuwapa Waafrika hadi pauni 50,000 wanunue nyumba katika eneo hilo. Ulikuwa uongo. Lakini mtu aliyekaa foleni miaka huku mwanawe akilala sebuleni hupokea uongo wa namna hiyo haraka, hasa asipobishiwa hodi na mtu mwingine yeyote mwenye jibu.

Mbunge wa Barking wakati huo, Margaret Hodge wa Labour, mzaliwa wa Misri, alisema hadharani kabla ya uchaguzi wa 2006 kwamba familia nane kati ya kumi za weupe alizozitembelea zilimwambia zinashawishika kuipigia BNP. Wenzake walimlaumu kwamba anakipigia debe chama hicho. Baadaye alibadili kazi yake ya jimboni: akawaalika wakazi chai na kahawa, akawasikiliza habari za taka, taa za barabarani na foleni ya nyumba. Kampeni ya kupinga ubaguzi ya Hope Not Hate nayo ikaleta wanaojitolea kugonga milango.

Mwaka 2010 kiongozi wa BNP, Nick Griffin, akaja mwenyewe kugombea ubunge Barking. Tazama tarakimu. Mwaka 2005 mgombea wa BNP alipata kura 4,916. Griffin alipata 6,620. Kura ziliongezeka! Hodge naye alitoka 13,826 akafika 24,628. Mipaka ya jimbo ilikuwa imebadilishwa katikati, kwa hiyo ulinganisho si wa kupima kwa mizani ya dhahabu, lakini picha inaonekana: wafuasi wa BNP hawakupungua, walizidiwa. Waliokuwa wakibaki nyumbani siku ya uchaguzi wa madiwani safari hii walitoka, kwa sababu uchaguzi wa nchi nzima ulifanyika siku hiyo hiyo, na kwa sababu kuna mtu aliyewagongea mlango. Walipokwisha kuchagua mbunge, karatasi ya pili ilikuwa mkononi mwao, na penseli vilevile. Mfumo wa kubeba vyote ukamaliza kazi.

Sitaki kuuficha upande wa pili wa sarafu. Mwaka 2014, 2018 na 2022 Labour ilichukua tena viti vyote 51 vya Barking na Dagenham. Kila mara, maelfu waliochagua vyama vingine hawakupata diwani hata mmoja wa kuuliza swali la bajeti ukumbini. Baraza lisilo na mpinzani halinipi raha, hata nikikipenda kilichoshinda. Naona mfumo wa kugawa viti kwa uwiano wa kura ungewatendea haki wote, wakiwemo nisiowapenda.

Lakini kanuni zilizopo ndizo zinazotumika, na zinakuhusu wewe unayesoma haya ukiwa Barking, Reading au Leicester. Raia wa Jumuiya ya Madola aliyefikisha miaka 18 na anayeishi Uingereza kwa kibali halali ana haki ya kupiga kura, ya diwani na ya mbunge, bila kuwa raia wa Uingereza. Mkenya yumo, Mtanzania yumo, Mganda yumo, na Mnyarwanda yumo tangu nchi yake ilipojiunga mwaka 2009. Tangu mwaka 2023 kituoni unadaiwa kitambulisho chenye picha, na pasipoti ya nchi ya Jumuiya ya Madola inakubalika. Jiandikishe kwenye daftari la wapiga kura sasa, usingoje wiki ya uchaguzi, kwa kuwa daftari hufungwa siku 12 za kazi kabla ya siku ya kura. Siku ikifika, iweke pasipoti yako mfukoni uende.