Karai lilikuwepo, kwa nini ndoo?

Klipu ya Nachingwea mmeiona wote, simu hazijalala wiki nzima, kwa hiyo sisimulii upya. Kobe wa madoa, upana wa sahani ya wali, katolewa chini ya mikorosho msimu wa kupuliza salfa, mgongo umejaa vumbi la njano. Kumwosha ilikuwa lazima. Kivuli, asubuhi, maji vuguvugu yaliyopimwa kwa kiwiko: hapo kijana aliyemwosha hana deni kwangu. Kisha akalipita karai lililokuwa hatua mbili kutoka alipo, akachukua ndoo.

Ndoo ya lita 20, kuta zimesimama wima, maji nusu! Ni kama kocha kumtoa kipa dakika ya tano ili aongeze mshambuliaji. Rudisheni nyuma muitazame tena. Anamnyanyua kobe hadi usawa wa kifua, anamgeuza tumbo lielekee kamera, na palepale kobe anamwaga. Sauti za nyuma zinacheka. Mimi nilishika kichwa. Kile kilichomwagika ni akiba. Kobe wa nchi kavu hutunza maji kwenye kibofu, akayatumia kidogo kidogo miezi ile ambayo Nachingwea na Ruangwa hazioni tone la mvua. Akishtuka, huachia. Kijana aliyekusudia kumpa maji alianza kwa kumnyang'anya.

Halafu akamtumbukiza, kichwa kikitangulia. Tazameni miguu ya mbele inavyokwaruza plastiki ikitafuta pa kushika. Najua mtaniambia alitoka mzima. Alitoka mzima kwa sababu dada mmoja nje ya picha alipiga kelele, msikilizeni vizuri. Nimechoka kusema kwamba kobe si kasa. Hana makasia. Mapafu yake yako juu, chini tu ya gamba la mgongo, na akipinduliwa uzito wa matumbo yote huyaelemea. Ndani ya ndoo hawezi hata kujigeuza.

Karai lingetosha. Maji yaishie pale gamba la mgongo linapokutana na la tumbo, kidevu kibaki juu bila yeye kunyoosha shingo. Dakika 15 hadi 30, maji yakipoa ongeza ya moto kidogo, pembeni, si juu yake. Mwenyewe atainamisha kichwa anywe, na huenda akatoa kitu cheupe kama chokaa iliyolowa. Msikikimbie, ni taka ya figo. Kikitoka laini, heri; kikikwaruza vidoleni kama mchanga, huyo amekaa na kiu siku nyingi.

Ruangwa, zamani ya utoto wangu, jirani yetu mmoja, bibi wa watu, alifukia sinia kuukuu hadi ukingo ukalingana na udongo. Kobe alikuwa akija kwa miguu yake, anaingia, anakunywa, anaondoka. Bibi hakumgusa. Na Mzee wa Haller Park, Mombasa, yule kobe wa Aldabra aliyefanywa rafiki na kiboko Owen baada ya tsunami ya Desemba 2004? Wawili wale waliingia bwawani pamoja, na Mzee hakubebwa na mtu. Nani angemweza? Lakini kanuni ni ileile ya sinia la bibi: maji yawe na mlango wa kuingilia na wa kutokea.

Tukirudi kwenye klipu, lile tundu kwenye ukingo wa gamba la kobe mmeliona? Ni la kamba. Hili nimelipigia kelele tangu nikiwa na nywele nyeusi. Gamba ni mfupa ulio hai, una damu na una maumivu. Kulitoboa ni kumtoboa mwenyewe. Sheria ya wanyamapori ya 2009 nayo inadai kibali kabla ya kumweka mnyama wa porini uani. Katika klipu hizi nimeshaona kobe, kamba na ndoo, kibali bado.

Mwishoni kijana alimfuta vizuri kwa kipande cha kanga na kumweka penye jua la upole. Sawa. Lakini tazameni kona ya kushoto, sekunde za mwisho: karai liko palepale, maji yanafika nusu ya kiganja, na kuku anakunywa.